Mbwa na Matunda ya Jamii ya Machungwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wafugaji wa mbwa wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na miji iliyo jirani huyarudia kila machungwa yanapojaa sokoni. Yanahusu chungwa, chenza, limau, ndimu, balungi na danzi. Mwenye haraka, ambaye mbwa wake tayari amekwisha kumeza kitu, aanze na swali la 10 au la 13. Mengine yanaweza kungoja.

## Mambo ya msingi

1. Je, mbwa anaweza kula chungwa?

Ndiyo, anaweza kula nyama ya chungwa lililoiva, kwa kiasi kidogo, baada ya kutolewa ganda, mbegu na ule utando mweupe ulio chini ya ganda. Nyama hiyo haina sumu kwa mbwa. Ina maji mengi, sukari, nyuzinyuzi na vitamini C, na mbwa mzima mwenye afya akipewa vipande viwili vitatu hatadhurika.

Hata hivyo, jibu hilo linahusu nyama ya tunda peke yake. Ganda, mbegu, majani na vikonyo vina jibu tofauti, na limau linalotumiwa kama dawa lina jibu tofauti zaidi. Kwa maoni yangu, mbwa wa huku kwetu hudhurika zaidi kwa limau walilonyweshwa na mtu mwenye nia njema kuliko kwa chungwa walilopewa kama zawadi, na ndiyo sababu sehemu ya nne ya ukurasa huu ni ndefu kuliko nyingine.

2. Mbona nimesoma kwamba machungwa na malimau yamo kwenye orodha ya mimea yenye sumu kwa mbwa?

Umesoma sawasawa. Shirika la Marekani la kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, linalojulikana kama ASPCA, limeuweka mchungwa, mlimau, mndimu na mbalungi katika orodha yake ya mimea yenye sumu kwa mbwa, paka na farasi. Kinachotajwa kuwa sumu ni mafuta yenye harufu kali yaliyomo kwenye ganda na majani, ambayo ndani yake mna limonini na linaloli, pamoja na kemikali ziitwazo psoraleni, ambazo huifanya ngozi iungue kwa urahisi inapopigwa na jua. Shirika hilohilo linaeleza kwamba nyama ya tunda inaliwa, na kwamba tatizo liko kwenye maganda na sehemu nyingine za mmea.

Kwa hiyo orodha hiyo na jibu la swali la 1 havipingani. Orodha inazungumzia mmea mzima, ilhali anayemmegea mbwa kipande cha chungwa anazungumzia sehemu moja tu ya mmea huo.

3. Je, mbwa anahitaji vitamini C ya machungwa?

Hapana. Ini la mbwa hutengeneza vitamini C lenyewe kutokana na sukari iliyo mwilini, jambo ambalo ini la binadamu haliwezi kulifanya. Mbwa anayekula ugali uliochanganywa na omena au mabaki ya nyama anaweza kupungukiwa na vitu kadhaa, lakini vitamini C kwa kawaida haimo miongoni mwavyo.

Isitoshe, vitamini C inayozidi huvunjwavunjwa na sehemu yake hutoka kwenye mkojo kama oksaleti, ambayo ni malighafi ya aina mojawapo ya mawe ya kibofu. Mbwa aliyewahi kupata mawe hayo hapaswi kupewa vidonge vya vitamini C bila ushauri wa daktari, na machungwa pia ni afadhali ayakose.

4. Mbwa wangu hunusa chungwa kisha anageuza uso. Je, anaumwa?

La. Mbwa wengi hawapendi harufu ya mafuta ya ganda, na wengine hawapendi uchachu. Usimlazimishe, hakuna anachokikosa.

## Kiasi na maandalizi

5. Nimpe kiasi gani?

Kanuni inayofuatwa na madaktari wengi wa mifugo ni kwamba vitu vyote vya ziada, yaani kila kitu kisicho chakula chake cha kawaida, visizidi asilimia 10 ya nishati anayoihitaji kwa siku. Mbwa wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15, aliye mzima na asiyefanya kazi nzito, huhitaji takribani kalori 800 kwa siku, na kwa hiyo vya ziada visipite kalori 80. Chungwa moja la wastani lina kalori 60 hivi na sukari gramu 12 hivi. Ukimpa lote, umekaribia kumaliza nafasi yake ya siku nzima kwa tunda moja, na kama mtoto wa nyumbani amekwisha kumpa nusu mandazi, nafasi hiyo imepita.

Kihesabu anaweza kula zaidi ya ninavyoshauri. Tumbo, lakini, halifuati hesabu ya kalori: asidi na sukari ya chungwa zima kwa mbwa ambaye hajazoea humletea kuhara. Kwa hiyo vipande viwili au vitatu kwa mbwa wa kilo 15, na kipande kimoja kilichokatwa vidogo kwa mbwa mdogo wa kilo 5, vinatosha kabisa, tena si kila siku. Kwa mara ya kwanza mpe kipande kimoja tu, kisha umwangalie hadi kesho yake kabla ya kuongeza.

6. Niliandae vipi?

Lioshe tunda kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu hubeba vilivyo juu ya ganda, ikiwemo dawa ya kuua wadudu, na kuviingiza ndani. Limenye lote, ondoa utando mweupe unaoweza kuondoka, toa mbegu zote, ukate vipande vidogo. Namna ambavyo wachuuzi wengi hulimenya chungwa, wakiondoa rangi ya juu tu na kuacha tabaka jeupe ili lishikike vizuri mkononi, inamfaa binadamu atakayelifyonza na kulitupa kapi. Mbwa hafyonzi, humeza vyote. Chungwa lililonyunyiziwa chumvi na pilipili ni la mtu, si la mbwa.

7. Je, limau na ndimu?

Usimpe. Maji ya limau yana asidi sitriki ya asilimia 5 hadi 6, wakati yale ya chungwa huwa na asilimia 1 hivi. Mbwa aliyelamba tone lililodondoka mezani atakunja uso, atatokwa na udenda kwa dakika chache, na mambo yataishia hapo. Aliyekunywa kikombe anaweza kutapika na kuhara, na kama tayari alikuwa hana maji ya kutosha mwilini, hali itakuwa mbaya zaidi. Samaki aliyekamuliwa limau kidogo kabla ya kukaangwa si tatizo kwa asidi yake. Tatizo la samaki huyo ni miiba, chumvi, na kitunguu kilichomo kwenye mchuzi.

8. Chenza, balungi na danzi je?

Chenza, yakiwemo yale madogo matamu yanayouzwa kwa jina la pixie, hufuata kanuni za chungwa, ingawa sukari yake huwa juu kidogo. Faida yake ni kwamba ganda hutoka kwa urahisi. Balungi ni chungu na lina tatizo la ziada kwa mbwa anayetumia dawa, kama inavyoelezwa katika swali la 19. Danzi lichukulie kama limau.

9. Naweza kumpa juisi? Na vipi kuhusu mtoto wa mbwa, mbwa mja mzito au mwenye kisukari?

Juisi, hapana. Glasi moja ya juisi iliyokamuliwa nyumbani huchukua machungwa matatu au zaidi, kwa hiyo humfikishia mbwa sukari na asidi ya matunda hayo yote kwa mkupuo mmoja. Juisi za pakiti mara nyingi zimeongezwa sukari. Vinywaji, chingamu, peremende na dawa za meno zilizoandikwa kwamba hazina sukari huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi yake hutiwa zailitoli (xylitol), utamu ambao kwa mbwa ni sumu kali: hushusha sukari ya damu haraka, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na unaweza kuharibu ini. Soma kibandiko.

Mtoto wa mbwa aachiwe maziwa ya mama na chakula chake, maana tumbo lake huharibika upesi na mwili wake hukauka upesi. Mbwa mja mzito akipewa kipande kimoja hatadhurika, ila anahitaji protini zaidi kuliko matunda. Mwenye kisukari, mnene kupita kiasi, au aliyewahi kuugua kongosho asipewe mpaka daktari aseme.

## Maganda, jaa na mti ulio uani

10. Mbwa amekula maganda. Nifanye nini?

Kwanza tambua kiasi na ukubwa wa mbwa. Mbwa mkubwa aliyetafuna ganda moja huenda akatapika mara moja, akahara kidogo, akapoteza hamu ya kula hadi jioni, kisha akarudia hali yake. Mwekee maji safi, mwondolee maganda yaliyobaki, umpe chakula chepesi, kwa mfano wali mweupe na kuku aliyechemshwa bila chumvi, kitunguu wala mifupa. Mtazame kwa siku mbili.

Hatari mbili ni tofauti na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni mafuta ya ganda, ambayo huwasha tumbo na yakiwa mengi humfanya mbwa azubae, atetemeke au ayumbeyumbe. Dalili hizo hujitokeza ndani ya saa chache. Ya pili ni ganda lenyewe kama kitu kigumu kisichomeng'enyeka: mbwa humeza vipande vikubwa bila kutafuna, na kipande kikikwama kwenye utumbo mwembamba, chakula hakipiti tena. Mbwa mdogo, kama wale weupe wenye manyoya mengi wanaopendwa sana siku hizi katika nyumba za kupanga, yumo hatarini zaidi kuliko mbwa wa kilo 30. Dalili za kuziba huweza kuchelewa hadi siku ya pili au ya tatu, wakati mwenye mbwa amekwisha kusahau habari ya maganda.

Mpeleke kwa daktari bila kungoja ukiona anatapika tena na tena hata maji, tumbo limekuwa gumu au analia ukiligusa, anajikamua lakini hapati choo, anasimama ameinua makalio na kuinamisha kifua kana kwamba anasujudu, au amelegea. Kuziba kwa utumbo hutambuliwa kwa picha ya eksirei au mawimbi ya sauti, na mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji. Mafuta ya kula, maji ya sabuni na dawa za kuharisha za binadamu havifungui utumbo uliozibwa, vinaweza kuupasua.

Usijaribu kumtapisha nyumbani. Sababu zimeelezwa katika swali la 13.

11. Mbwa wangu huzurura na kula kwenye jaa. Je, machungwa yaliyooza yana hatari?

Yana hatari kubwa kuliko yaliyo mazima. Atembeaye alfajiri nyuma ya soko kubwa, liwe la Kibuye kule Kisumu au la Wakulima mjini Nakuru, ataona marundo ya matunda yaliyotupwa, na juu ya machungwa ataona ukungu wa kijani au wa samawati uliozungukwa na ukingo mweupe. Tunda likichacha hutoa pombe, na mbwa hulewa kwa kiasi kidogo mno. Zaidi ya hapo, ukungu wa aina fulani unaoota kwenye vyakula vilivyooza hutoa sumu inayoshambulia neva: mbwa huanza kuhema, kutetemeka mwili mzima, kisha hupatwa na degedege. Hiyo ni dharura ya kukimbiza kwa daktari saa ileile, na ikiwezekana chukua kipande cha kile alichokula ukitie kwenye mfuko uende nacho.

Katika jaa hilohilo mna magunzi ya mahindi, mifupa ya kuku, mifuko iliyofungiwa samaki na sumu ya panya. Kwa mbwa anayezurura, chungwa si la kwanza katika orodha ya yanayopaswa kukuhangaisha. Kwa shimo la taka la nyumbani, kulifunika au kuliwekea ua wa matawi kunatosha.

12. Tuna mlimau uani. Tuukate?

Hakuna haja. Mbwa wazima mara chache hula majani yake, kwa kuwa harufu yake huwafukuza. Watoto wa mbwa wanaoota meno ndio hutafuna kila kitu, na kwao okota matunda yaliyodondoka na matawi yaliyopogolewa, hasa kwa sababu ya miiba, ambayo huchoma kwenye vidole na kwenye fizi na kuacha jipu. Ukiupiga mti dawa ya wadudu, mfungie mbwa mbali hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite, na usimwache alambe bomba la kunyunyizia wala ndoo uliyochanganyia.

## Limau kama dawa

13. Mbwa amekula sumu. Nimnyweshe limau, maziwa au maji ya chumvi?

Usimnyweshe chochote kati ya hivyo. Swali hili huja kwa simu usiku, mbwa akiwa amelala ubavu na jirani wawili watatu wakitoa ushauri, na kila mmoja ana dawa yake: huyu limau, yule maziwa, mwingine mayai mabichi, mkaa wa jikoni uliosagwa, mafuta ya kupikia. Ni ushauri wa huruma, lakini mbwa anayetetemeka au aliyelegea hawezi kumeza ipasavyo, na unachomtilia kwa nguvu kinywani huingia kwenye mapafu. Mbwa ambaye angepona ile sumu anaweza kufa kwa nimonia baadaye.

Limau haliondoi sumu yoyote ambayo mbwa wa huku hukutana nayo. Sumu za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabamati, ambazo watu wabaya huzitia kwenye nyama, zina dawa yake, nayo ni atropini, ambayo hudungwa na mtaalamu. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1. Vyote viwili havimo jikoni. Maziwa nayo yana mafuta, na baadhi ya sumu za wadudu huyeyuka kwenye mafuta, hivyo yanaweza kuisaidia sumu kuingia mwilini badala ya kuizuia. Chumvi kwa kiasi cha kumtapisha mbwa ni sumu yenyewe. Mkaa unaotumiwa hospitalini umetengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Unachoweza kufanya ni hiki: mwondoe alipo, muda ule ule upige simu kwa daktari wa mifugo, mweleze uzito wa mbwa na saa alipokula, beba pakiti ya sumu au mabaki ya chambo ukiwa umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na umsafirishe akiwa amelala ubavu huku kichwa kikiwa chini kidogo ili matapishi yatoke nje.

14. Je, nimuogeshe kwa maji ya limau ili kuondoa kupe na viroboto?

Haifai. Ni kweli kwamba limonini na linaloli huua viroboto, na zamani ziliuzwa nje kama dawa ya kuogeshea mbwa na paka, lakini ziliua au kuwadhuru baadhi ya wanyama hao, hasa paka. Maji uliyochemshia maganda nyumbani hayana kipimo: ama ni mepesi mno hata kupe hajali, ama ni makali mno na ngozi inawaka. Ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama ya binadamu, na mbwa aliyejikuna mpaka akajichubua ukimmwagia limau unampa maumivu tu. Ukimwacha juani baada ya hapo, psoraleni zilizotajwa katika swali la 2 zinaweza kumuunguza sehemu zisizo na manyoya mengi, kama vile puani na tumboni.

Gharama kubwa zaidi ni muda unaopotea. Wakati mwenye mbwa anajaribu maji ya maganda, kupe wanaendelea kunyonya na kuambukiza homa ya kupe. Mbwa mwenye fizi nyeupe, homa na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi hahitaji kuoga. Anahitaji daktari leo. Kwa kinga, duka la agroveti lina dawa za kudondoshea mgongoni, vidonge, kola na dawa za kunyunyiza zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Mwambie muuzaji uzito wa mbwa na umri wake, na usikubali dawa ya josho la ng'ombe iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa na kukisia maji.

15. Mbwa anakohoa. Limau, asali na tangawizi vitamsaidia?

Kikohozi cha mbwa si mafua ya binadamu. Kinaweza kuwa kikohozi cha kuambukizana kati ya mbwa, minyoo ya mapafu au ya moyo, ugonjwa wa moyo kwa mbwa mzee, au distempa, ambayo kwa mbwa asiyechanjwa huanza na usaha machoni na puani, kisha huja kikohozi, kuhara na mwishowe mishtuko. Mchanganyiko wa limau hautibu hata moja kati ya hayo. Anayeongeza kitunguu saumu humzidishia mbwa matatizo, kwa kuwa vitunguu vya kila aina huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Jambo hilohilo linahusu mtoto wa mbwa anayeharisha damu. Huko kunaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na saa zinazopotea kwa limau ni zile ambazo angekuwa ametundikiwa dripu.

16. Kidonda au upele wa mbwa, je, unapona kwa kupakwa limau?

Hapana. Safisha kidonda kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ukiwa umetia chumvi kidogo, kisha mwone daktari ikiwa ni kirefu, kinanuka au kina funza. Upele wa mbwa mara nyingi husababishwa na wadudu wadogo waingiao ndani ya ngozi, nao wana dawa zao.

17. Mtu ameumwa na mbwa. Apakwe limau kwenye jeraha?

Hili halihusu tumbo la mbwa, ila huulizwa kila mara kiasi kwamba siwezi kuliacha. Asipakwe limau, pilipili, majivu wala majani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na mtu apelekwe hospitalini siku hiyohiyo aanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili huua karibu kila mara. Chanjo ikitolewa mapema huuzuia.

## Hali zisizo za kawaida

18. Mbwa anatokwa na udenda mwingi. Nitajuaje kama ni limau tu?

Udenda wa limau huanza pale pale, hupungua ndani ya dakika chache, na mbwa anaendelea kuwa mchangamfu, akilambalamba midomo na kutafuta maji. Udenda wa sumu ya wadudu huambatana na mboni za macho zilizosinyaa, kukojoa na kuhara bila kujizuia, kutetemeka kwa misuli na kuhema kwa shida. Udenda wa kitu kilichokwama humfanya mbwa akune mdomo kwa miguu ya mbele na kujaribu kumeza mara kwa mara.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, ambacho bado kipo katika eneo letu. Mbwa ambaye taya limelegea, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, amekuwa mkali ghafla au mpole kupita desturi yake, usitie mkono kinywani mwake kutafuta ganda la chungwa, hasa kama hajachanjwa mwaka huu. Mfungie mahali asipoweza kutoka, waweke watoto mbali, na uite ofisi ya mifugo ya kaunti.

19. Mbwa wangu anatumia dawa. Balungi lina neno?

Balungi huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja dawa mwilini, hivyo dawa hubaki kwenye damu kwa kiwango cha juu kuliko kilichokusudiwa. Kwa mbwa, hilo limeonekana kwa prazikuanteli, dawa ya tegu inayotumika sana. Anayetumia dawa yoyote asipewe balungi wala juisi yake. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo kwa kiwango hicho.

20. Kama machungwa ni salama, basi zabibu na ukwaju pia ni salama?

Si salama, na hapa watu wengi huteleza, kwa kuwa vyote vina uchachu. Uchachu wa chungwa hutokana na asidi sitriki. Zabibu na ukwaju zina asidi tartari, ambayo tangu mwaka 2021 wataalamu wa sumu wa ASPCA wameitaja kuwa ndiyo yumkini inayoharibu figo za mbwa wanaokula zabibu. Baadaye ukwaju nao ukahusishwa na madhara hayohayo. Mabaki ya uji uliotiwa ukwaju, ambao ni wa kawaida katika nyumba nyingi za Nyanza, yasimwagwe kwenye sahani ya mbwa, wala keki yenye zabibu kavu. Mbwa aliyekula zabibu apelekwe kwa daktari hata kama bado anacheza, kwa sababu figo huonyesha dalili zikiwa zimekwisha kuumia.

21. Na paka?

Paka asipewe kabisa. Ini lake hushindwa kuyavunja mafuta haya kama ini la mbwa linavyoweza, na kwa bahati nzuri mwenyewe huikimbia harufu yake. Sabuni ya sakafu yenye harufu ya limau si shida ikiwa imechanganywa na maji na sakafu imekauka. Mafuta halisi ya limau au chungwa yanayouzwa katika vichupa vidogo yawekwe mbali na paka na mbwa pia.

22. Nimpigie nani, na niseme nini?

Tafuta daktari wa mifugo au mtaalamu msaidizi aliyesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, na uwe na namba yake kabla ya kuihitaji. Muulize mapema kama hutibu mbwa, maana wengi wa mashambani wamezoea ng'ombe na huenda wasiwe na eksirei. Katika hali hiyo muulize huwaelekeza wapi wagonjwa wake wa upasuaji. Muuzaji wa agroveti anaweza kukusaidia kwa dawa ya minyoo na kupe, lakini utumbo uliozibwa na sumu si kazi ya kaunta.

Unapopiga, taja uzito wa mbwa, umri wake, alichokula na sehemu gani ya tunda, kiasi cha kukisia, saa alipokula, ametapika mara ngapi na matapishi yana nini, alipata choo lini mara ya mwisho, na dawa yoyote uliyokwisha kumpa. Kama ulimnywesha limau kabla ya kusoma swali la 13, litaje pia. Daktari atahitaji kuyasikiliza mapafu.